Sato Anataka Kungojwa

Anabonyeza ubavu wa samaki kwa kidole gumba, anaondoa kidole, anatazama. Nyama ikirudi juu mara moja, samaki anahamia kwenye ndoo yake. Ikibaki na kishimo, samaki anarudi kwenye beseni la muuzaji, na hakuna maneno yanayosemwa. Halafu anainua kifuniko cha shavu na kuchungulia ndani: wekundu mbichi unakubaliwa, ukahawia unakataliwa. Jicho linatakiwa liwe limejaa na linang'aa. Likididimia au kuingia ukungu, samaki huyo amelala. Mwisho anamnusa karibu na tundu la tumbo, kwa sababu harufu mbaya huanzia huko kabla haijafika kichwani.

Hapa ni Kirumba, Mwaloni, soko la samaki la jiji la Mwanza. Sehemu kubwa ya soko ni ya samaki wakavu: magunia ya dagaa kutoka visiwani, sangara wa moshi waliopangwa kwenye matenga, mizigo inayosubiri malori ya kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Sato wabichi wana kona yao, nayo huchangamka mapema na kuisha mapema. Mama ninayemtazama ana banda la chakula jirani na hapo. Wateja wake humwita Mayu, jina la heshima ambalo Wasukuma humpa mama yeyote, nami nitamwita hivyo hivyo.

"Mwangaluka, mayu," kijana muuzaji anamsalimu.

"Mwangaluka, baba. Hawa wametoka wapi?"

Kijana anataja mwalo ulio ng'ambo ya ghuba, anasema wameopolewa alfajiri. Mayu anaitikia kwa kichwa na kuendelea kubonyeza. Maneno ya muuzaji ameyasikia, lakini anayehojiwa hasa ni samaki.

Anachagua wa nusu kilo hadi robo tatu, wanaoenea sahani bila kukunjwa mkia. Mkubwa kuliko hapo, anaeleza, hukauka nje kabla ya kuiva karibu na mfupa. Mdogo kuliko hapo mlaji huishia kutafuna miba. Anataka pia wawe wa kimo kimoja, kwa kuwa wataingia karai moja na kutoka pamoja. Siku hizi baadhi ya sato wa sokoni wamefugwa kwenye vizimba humo humo ziwani, na Mayu anasema huwatambua kwa tumbo, maana aliyelishwa hubeba mafuta mengi zaidi ndani. Hawakatai. Anawaweka upande wao wa ndoo, kwa kuwa jikoni watahitaji muda tofauti kidogo.

Kuanzia hapo ni mbio. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ya Mwanza ina ubaridi wake. Lakini ikifika saa nne miamba imeshapata moto, na samaki aliyekufa hana kinga dhidi ya joto. Mayu hasimami kuzungumza njiani. Anayemwita anajibiwa kwa mkono. Ndoo inafika bandani, na binti anayemsaidia ameshajaza beseni maji hadi nusu.

Samaki wa kwanza analazwa ndani ya maji hayo. Mayu anapaka chumvi kiganja cha kushoto ili mkia usiteleze, anaushika kwa nguvu, na kwa mgongo wa kisu anakwangua kuelekea kichwani. Kazi ikifanyika ndani ya maji, magamba hayaruki ukutani wala usoni; yanalegea na kutua chini ya beseni. Sehemu anazozirudia ni tatu: chini ya mapezi ya kifuani, ukingo wa tumbo, na kando ya pezi la mgongo, ambalo miba yake inaweza kuutoboa mkono wa mzembe. Akimaliza, anapitisha kidole gumba kinyume, kutoka mkia hadi shavuni. Gamba moja likikwaruza, kisu kinarudi.

Sasa kisu kinageuzwa upande wa makali. Ncha inaingia kwenye tundu la chini na kupanda hadi kooni, kina chake kisizidi unene wa ngozi na nyama nyembamba iliyo chini yake, kwa sababu ndani hapo kuna kifuko cha nyongo. Nyongo ikipasuka, uchungu wake hautoki kwa maji wala kwa ndimu. Sato hula zaidi vijimea vya majini, na walaji wa mimea huwa na utumbo mrefu. Wa huyu umejiviringa mara nyingi, nao anauvuta wote kwa mkupuo mmoja, nyongo ikiwa salama katikati yake. Matamvua yanafuata, yanang'olewa kwa vidole viwili. Kisha anafanya jambo ambalo wapishi wenye pupa huliruka: kwa chumvi ya mawe anasugua utando mweusi unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo mpaka nyama ionekane nyeupe, na kwa ukucha anaukwangua ule mstari wa damu uliojificha chini ya uti wa mgongo. Watu wengi wanaolalamika kwamba samaki wa ziwani ana harufu ya tope, asema, wanalalamikia damu hiyo na utando huo.

Anaosha mara mbili tu. Samaki aliyeoshwa mno hulegea.

Michanjo inafuata. Anamlaza samaki ubavu kwenye kibao na kuchanja kwa mshazari mara tatu kila upande, kuanzia nyuma ya kichwa. Kisu kinashuka mpaka kinapogusa mfupa na kusimama hapo hapo. Upande wa mgongoni, penye nyama nene, mchanjo unazama. Ukielekea tumboni unakuwa wa juu juu, kisha unaishia bure. Chumvi inatiwa ndani ya michanjo kwa ncha ya kidole, ndani ya tumbo, na chini ya kifuniko cha shavu. Tangawizi na kitunguu saumu vimeshatwangwa kwenye kinu kidogo, vikawa rojo; rojo hilo linapakwa ndani tu, kwa kuwa likibaki juu ya ngozi litaungua kabla samaki hajaiva. Ndimu ni ya mwisho na ni kidogo, kwa sababu ukali wake ukikaa muda mrefu huanza kuigeuza nyama iwe ya ungaunga.

Mpaka hapa hakuna sekunde iliyopotea. Na hapa hapa haraka inakoma.

Sato wanapangwa juu ya wavu, wavu unawekwa juu ya beseni, beseni linasukumwa kivulini pale upepo wa ziwa unapopita. Juu yao kinatandazwa chandarua safi cha kuzuia nzi. Kisha Mayu anawaacha. Maji yanadondoka kwenye beseni, kwanza kwa mfululizo, baadaye tone moja moja, mwisho hayadondoki kabisa. Ngozi iliyokuwa inateleza inaanza kukaza. Anakuja, anaigusa kwa mgongo wa kidole, anaondoka. Wateja wawili wa mapema wameshakaa benchi na wanatazama saa. Anawapa chai.

Kungoja huku kuna kazi yake. Maji yaliyo kwenye ngozi yakikutana na mafuta ya moto hurusha mafuta, huyapoza, na huifanya ngozi ishikamane na chuma. Samaki mbichi aliyelowa anapoingia karaini, sehemu ya moto inatumika kukausha maji kabla haijaanza kukaanga. Upepo wa ziwa unaifanya kazi hiyo bure, kwa hiyo mpishi mwenye akili anauachia.

Wakati huo anashughulikia moto. Ana jiko la gesi la kupikia mchuzi na chai. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati ya namna hiyo, na yeye ameshaingiza mguu mmoja. Kukaanga, hata hivyo, bado kunafanyika kwenye mkaa, kwa sababu karai lake ni pana na anataka joto lisambae chini yake kote. Anautandaza mkaa ulioshika vizuri, mwekundu na wenye ngozi ya majivu, uwe mwingi pembeni na mchache katikati. Karai linakaa juu, mafuta ya alizeti yanamiminwa mpaka yafikie nusu ya unene wa samaki. Wazee wa huku watakukumbusha kwamba mafuta ya kwao yalikuwa ya pamba, yaliyokamuliwa kutoka kwenye mbegu za zao lililolipia karo na mabati ya Usukumani.

Anachovya ncha ya mpini wa mwiko. Mapovu machache na mavivu: bado. Anachovya tena baada ya muda: mapovu madogo madogo yanauzunguka mpini na kupanda kwa fujo. Sasa.

Sato anashikwa mkia na kuingizwa kichwa kwanza, akilazwa kuelekea upande wa pili, mbali na tumbo la mpishi, ili mafuta yakiruka yaruke kule. Watatu wanaenea, na hapo anaacha. Wa nne angeingia kwa kubanwa, lakini angeyapoza mafuta ya wenzake wote.

Binti ananyosha kijiko amguse samaki wa kwanza, aone kama ameshika.

"Muache, binti. Atajiachia mwenyewe."

Na kweli hujiachia. Ngozi inapoanza kukauka hung'ang'ania chuma. Ukiivuta wakati huo inabaki chini na nyama inakuja juu ikiwa uchi. Ukingoja, gamba gumu linajijenga kati ya nyama na karai, na samaki anaanza kuelea, anatikisika ukilitikisa karai. Mayu hana saa ukutani. Anasikiliza. Mwanzoni karai linapiga kelele nzito, nene, maji yakitoka kwa wingi. Kisha sauti inapungua na kuwa nyembamba, kama mvua inayohama kutoka juu ya bati. Sauti ikishakuwa nyembamba namna hiyo, anaingiza vijiko viwili, kimoja chini ya kichwa na kimoja karibu na mkia, na kumgeuza kwa mkupuo mmoja. Hageuzwi tena. Kichwa, ambacho mfupa wake mnene huchelewa kuiva, anakichotea mafuta kwa upawa na kukimwagia mara kwa mara, akilenga kwenye shavu.

Kila samaki wa ziwa hili ana tabia yake mbele ya moto, na wapishi wa huku wamelazimika kuzijifunza upya ndani ya umri wa mtu mmoja. Sato huyu wa leo, ambaye asili yake ni maji ya Naili, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ngege na mbiru wa asili walipokuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Sangara naye aliingizwa miaka hiyo na iliyofuata, na katika miaka ya 1980 akafurika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakichunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu 1977, walijikuta wanaandika habari za kutoweka kwa aina nyingi za samaki hao wadogo. Jikoni, mabadiliko hayo yalikuwa na sura nyingine. Furu alianikwa juani akakauka na kukaa. Sangara ana mafuta mengi. Jua halimkaushi akafaa kuwekwa, sharti apitie moshi au mafuta ya moto. Akina mama waliozoea kutandaza samaki juu ya miamba wakalazimika kujenga majiko ya moshi, kutafuta kuni, na kukisia upya ni lini mkubwa huyu ameiva. Sato yuko katikati: ana mafuta ya kutosha kumfanya mtamu, si ya kutosha kumwokoa asikauke ukimsahau. Ndiyo maana Mayu haondoki karaini.

Wakitoka, hawalazwi kwenye karatasi. Anawainua mmoja mmoja, anawainamisha juu ya karai mpaka mafuta yachuruzike, kisha anawasimamisha kwa matumbo kwenye wavu, wazi pande zote. Samaki wa moto akilazwa, mvuke wake mwenyewe huilowesha ngozi ya upande wa chini, na kazi yote ya kungoja inapotea dakika ya mwisho.

Mchuzi unapikwa kwa gesi, moto mdogo. Vitunguu vimekatwa vyembamba kwa urefu. Vinaingia kwenye mafuta kidogo na kuachwa mpaka vilainike na kuanza kushika rangi pembeni. Nyanya zimekwanguliwa kwenye kikwaruzio, maganda yakabaki mkononi. Zikiingia zinatoa maji na uchachu, na mpishi wa pupa hapa angeongeza maji na kutia samaki. Mayu anakoroga, anafunika, anafunua, anakoroga, mpaka nyanya zigeuke rojo zito na mafuta yajitenge na kupanda juu. Dalili hiyo anaisubiri kila siku, wala haharakishwi na foleni. Baada yake ndipo yanapofuata karoti, pilipili hoho, kikombe cha maji ya moto, na pilipili mbuzi moja isiyopasuliwa, iliyoachwa ielee ili itoe harufu bila kutoa ukali. Mteja anayetaka sato wa rosti, samaki wake anashushwa humo kwa dakika chache tu, akimwagiwa mchuzi juu na asigeuzwe. Anayetaka mkavu, mchuzi wake unakuja kwenye bakuli.

Ugali unaachwa mwisho, kwa sababu ndio usiojua kungoja ukishaiva. Maji yanachemka, unga kidogo uliokorogwa kwa maji baridi unatiwa, unakuwa uji, na uji unaachwa uchemke kwelikweli, ukirusha matone na kuunguza mikono. Wengi huukata muda huu. Mayu anaurefusha, kwa kuwa uji ndio unaouivisha ugali. Unga unaotiwa baadaye unaongeza ugumu tu. Kisha anamimina unga wa sembe kwa kiganja, mwiko ukizunguka, mpaka mchanganyiko uanze kukataa. Hapo anakanyaga miguu ya fremu ya chuma inayoshika sufuria, anashika mwiko kwa mikono miwili na kusonga: anakandamiza ukutani, anakunja, anageuza, anarudia. Madonge yanapondwa kwa bapa la mwiko moja baada ya jingine. Kwenye sufuria ya pili, ndogo, kuna ugali wa muhogo kwa wanaouhitaji, mweupe na wenye kuvutika, unaotaka mkono wenye nguvu zaidi na maneno machache zaidi. Unaposongwa huo, hakuna anayemsemesha.

Saa saba benchi zimejaa. Wapo makuli wa sokoni, waendesha bodaboda, mama wawili wenye mizigo ya Nansio wanaosubiri meli, na mtu mmoja mwenye shati la ofisini aliyeikunja tai akaitia mfukoni. Binti anapita na birika na beseni, anawamiminia maji mikononi. Sahani inakuja: sato mzima, ugali, mchicha kidogo, kipande cha ndimu, kachumbari. Mzoefu haanzii katikati. Anaanza na kile kipande cha nyama kilicho nyuma ya kichwa, chini ya mchanjo wa kwanza, anakitenga kwa vidole, anachovya kwenye mchuzi, anafuatisha tonge. Mchanjo unafunguka wenyewe, nyama ikitoka kwa mapande meupe, chumvi ikiwa imefika mpaka mfupani. Upande mmoja ukiisha, anashika mkia na kuuinua uti wote wa mgongo ukiwa mzima, na upande wa pili unabaki wazi mbele yake. Samaki aliyekaangwa kabla ya wakati hakubali hivyo; uti hung'ang'ania nyama. Kichwa huliwa mwisho, kwa utulivu, na mashavu ndiyo yanayomtofautisha mwenyeji na mgeni.

Jioni ustadi huu unahamia kwenye migahawa iliyo kando ya maji, upande wa Capripoint na kwingineko, ambako watu huja kuagiza sato choma na kutazama ziwa. Mchomaji niliyemtazama huko ni kaka mwenye aproni na kitambaa begani. Samaki wake amesafishwa na kuchanjwa kwa namna ile ile, lakini hapa hakuna mafuta ya kumzunguka. Kuna makaa chini na hewa juu. Kwa hiyo anaupanga moto kufuata umbo la samaki. Kwa koleo anasogeza makaa mengi upande utakaokaa mgongo na machache upande utakaokaa tumbo, kisha anapakaza mafuta kwenye wavu na kuuacha upate moto wenyewe kabla ya kumlaza mtu wake. Wavu uko juu, shibiri nzima kutoka kwenye makaa. Mafuta ya samaki yakidondoka na kuwasha ndimi za moto, anazinyunyizia maji kwa vidole, matone machache, majivu yasiruke.

Samaki wa namna hii haivi upesi, na hakuna mchomaji wa maana atakayekuambia vinginevyo. Mgeni huagiza akiwa na njaa, halafu anamwita mhudumu kila baada ya dakika kumi. Mwenyeji hupiga simu kabla hajatoka nyumbani. Mchomaji amesimama kati ya hao wawili, anapaka mchanganyiko wa ndimu, kitunguu saumu na mafuta kwa brashi, anabonyeza mgongo kwa ncha ya koleo, na anapeleka sahani pale tu nyama ndani ya mchanjo wa kwanza inapoacha kung'aa na kuwa nyeupe hadi kwenye mfupa. Ndizi zimeshachomwa pembeni. Kachumbari inakatwa wakati huo huo, kwa kuwa ikikatwa mapema nyanya hutoa maji.

Nyumbani kwake Mayu hakaangi sato. Mafuta ya siku nzima yanatosha, asema. Akipata sato wa kupeleka nyumbani, anampika chukuchuku: vipande ndani ya sufuria, maji yasiyofika juu ya samaki, kitunguu, nyanya, chumvi, ndimu, na kifuniko. Mwiko hauingii. Anapotaka kuchanganya, anashika masikio ya sufuria kwa kitambaa na kuizungusha, samaki wakabaki wazima na mchuzi ukabaki mwangavu. Akipata ningu, ambaye miba yake midogo imetapakaa kila mahali katika nyama, hampi mtoto mpaka ameichambua kwa vidole vyake.

Lakini jioni niliyokaribishwa ilikuwa zamu ya dagaa. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi taa za jua. Mbalamwezi ikiwaka sana, mitumbwi mingi hupumzika. Wengi huanikwa mchangani, na mchanga huo husafiri nao mpaka jikoni. Mayu hununua walioanikwa juu ya chanja, na bado hawaamini. Aliwamwaga kwenye ungo, akawapepeta, akaketi na kuwachambua: wenye vichwa vilivyovunjika huku, majani na vijiti kule. Akawatia kwenye maji ya uvuguvugu. Kuwaosha kwake kulikuwa na siri ndogo: hakumwaga maji, aliwaopoa dagaa kwa viganja kutoka juu na kuwahamishia kwenye beseni la pili, mchanga ukabaki chini ya la kwanza. Akafanya hivyo mpaka akapitisha kidole chini ya beseni na kisikwaruze. Kisha akawatandaza kwenye ungo wakauke, akakaa nao, akazungumza habari za ada za shule na mvua.

Walipokauka, waliingia kwenye mafuta kidogo, moto wa wastani, wakigeuzwa polepole mpaka wakaanza kulia kwa sauti kavu wakigusa sufuria. Kitunguu kikafuata, nyanya, pilipili, na mwisho vijiko viwili vya karanga zilizotwangwa na kulainishwa kwa maji. Ugali wa muhogo ulikuwa tayari.

Kwa bei, dagaa ndio wanaoshika mkia Mwaloni. Kwa kazi waliyofanyiwa jioni ile, hawakupungukiwa na chochote alichopewa sato wa mteja mchana: walichaguliwa, walisafishwa mpaka dalili ya mwisho, walingojwa wakauke, na walitolewa motoni wakati wao. Mjukuu wa Mayu alikuwa wa kwanza kumaliza, akauliza kama kuna wengine. Walikuwapo. Mayu hupika wa ziada siku ya dagaa, kwa kuwa anajua wataombwa.